Aya ya Kumi na Moja

Barua ya kufunga idara ilikuwa na mistari sita na kosa moja la sarufi. Mwalimu aliliona kosa kabla ya kuielewa habari yenyewe. Baadaye, kila alipojaribu kukumbuka alijisikiaje siku ile, alichokipata ni kosa lile tu: "wahadhiri yote."

Alikuwa amefundisha fasihi simulizi kwa miaka kumi na mitano. Minane kati ya hiyo aliimalizia kwenye nyimbo za msiba. Alizunguka na kinasa sauti begani, akaketi na wanawake waliofiwa, akaandika walichoimba na walivyokiimba, na mwisho wake ikatoka tasnifu ya kurasa mia nne na kumi. Walioisoma yote ni watu watano. Mmoja wao ni mama yake mzazi, aliyeisoma kwa kidole, miezi mitatu, kisha akairudisha mezani na kusema, "Mwanangu, humu wamekufa watu wengi."

Akiwa na miaka thelathini na tisa alianza upya, mwaka wa kwanza wa sheria, akibanana kwenye madawati na vijana ambao kwa umri wangeweza kuwa wanafunzi wake. Wawili walikuwa wamewahi kuwa kweli. Dada yake mkubwa, muuguzi, mwanamke wa maneno ya mkato, alimuuliza kwa nini sheria na si kitu kingine.

"Dirisha la kuchukulia fomu za sheria lilikuwa bado wazi."

"Hiyo ndiyo sababu?"

"Ndiyo hiyo."

Mama yao alikuwa pembeni akichambua mchele. "Utasoma mpaka lini wewe? Hata mbuzi hufika mahali akaacha kutafuna."

Baba yao alifariki mwaka wa pili wa masomo hayo. Mwalimu alipanga viti, akahesabu vikombe, akapokea mikono ya pole. Wanawake walipoanza kuimba alizitambua nyimbo moja moja, kama mtu anayeita majina kwenye daftari la mahudhurio: huu ni wa kuitikiana, huu ubeti wake wa tatu umerukwa, huu nilidhani umeshasahaulika. Machozi hayakuja. Siku tatu baada ya mazishi alikwenda kufanya mtihani wa sheria ya ardhi, na alama zilipotoka alikuwa wa kwanza darasani.

"Umekufa ganzi," dada yake alimwambia.

Mwalimu hakumkatalia. Alikula, alilala, alifaulu, alipiga pasi nguo zake. Hakuwa na huzuni wala furaha, na hakuona mtu wa kumlaumu. Mkono uliokufa ganzi haumwumizi mwenyewe, na kwa muda mrefu hilo lilimtosha.

Alipomaliza shahada ilimbidi afanye mwaka wa mafunzo chini ya wakili mzoefu kabla ya kuapishwa. Ofisi kubwa zilitazama umri wake, zikamshukuru kwa kuonyesha nia. Aliyempokea alikuwa Wakili mmoja mwenye vyumba viwili juu ya duka la rangi, kijana wa miaka thelathini na minne, mfupi, viatu vinang'aa kama vimetoka dukani leo. Alikuwa amepita darasani kwake, mwaka wa kwanza, somo la ushairi.

"Ulinipa C," Wakili alisema siku ya kwanza, akimwonyesha meza yake. "Sijasahau."

"Ulistahili D. Nilikuhurumia kwa mwandiko mzuri."

Wakili alicheka mpaka akakaa. Tangu siku hiyo ofisi nzima ilimwita Mwalimu. Ofisi nzima maana yake Wakili mwenyewe na Karani, mzee aliyekuwa na miaka thelathini ya kuzunguka mahakamani, aliyejua kila dirisha la masjala na kila aliyekaa nyuma ya dirisha. "Jalada halipotei," alikuwa akisema. "Jalada hujificha. Ukimsalimia anayelificha, linatokea."

Mwalimu alijifunza upesi. Alijifunza kutoboa karatasi matundu mawili yasiyopinda, kupeleka nakala tatu badala ya mbili, kusubiri kwenye benchi bila kuangalia saa. Lililomshangaza lilikuwa adabu ya mahakamani. Miaka kumi na mitano chuoni hakuna aliyewahi kumwita msomi. Siku yake ya kwanza mbele ya jaji aliitwa "wakili msomi" kimakosa mara tatu kabla ya saa nne asubuhi, na hakuna aliyecheka.

Kesi ya fundi lifti ilikuja mwezi wake wa nne.

Mwenye kesi alikuwa mjane wa huyo fundi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mshonaji wa sare za shule. Alikuwa na mabinti mapacha wa miaka tisa, na mtaani kwao walimwita Mama Pacha. Mume wake alikuwa akitengeneza lifti kwenye jengo la ghorofa nane. Alianguka ndani ya shimo la lifti kutoka ghorofa ya tano, asubuhi, saa tatu kasoro. Kampuni iliyomwajiri ilisema kosa ni lake: alikabidhiwa mkanda mpya wa usalama, hakuuvaa. Ilikuwa na daftari la stoo lenye mkwaruzo mmoja uliosemekana kuwa saini yake, na ilikuwa na mkanda wenyewe, mpya, ukining'inia kwenye msumari stoo.

"Sisi tuna nini?" Mwalimu aliuliza.

"Tuna mjane na watoto wawili," Wakili alisema. "Kwa sheria, hiyo ni huruma. Si ushahidi. Mkalishe chini, mwandikie maelezo. Labda kuna kitu anakijua na hajui kwamba anakijua."

Maelezo ya shahidi huandikwa kwa aya zenye namba. Aya ya kwanza jina na makazi, ya pili uhusiano na marehemu, na kuendelea hivyo. Mwalimu alimkalisha Mama Pacha kwenye kiti cha dirishani, akampa maji, akafungua daftari.

Mama Pacha alizungumza vizuri. Sauti yake ilikuwa kavu na alijua tarehe zake. Alisema mume wake aliajiriwa lini, alilipwa vipi, alitoka nyumbani saa ngapi, nani alikuja kumpa taarifa na alivaa nini huyo mtu. Aya kumi zilijaa ndani ya saa moja. Lakini alipofika wiki ya mwisho alimwacha mume wake njiani, akaanza kuzungumzia cherehani.

"Wiki ile cherehani ilinisumbua sana, dada. Ilivunja sindano. Sindano mbili, siku moja."

"Pole," Mwalimu alisema. "Na mumeo, Jumatatu ile alikuambia chochote kuhusu kazi?"

"Alikuwa mzima tu. Mimi nilikuwa nahangaika na ile cherehani. Haitaki kitu kigumu. Ni cherehani ya shati, ile."

Mwalimu aliandika, akafuta. Walikutana mara ya pili, siku ya Jumanne, na mambo yakawa yale yale. Mpaka Jumapili habari ilikwenda sawasawa kama treni. Ikifika Jumatatu, inaacha reli na kuingia kwenye cherehani. Alitaja hata namba ya sindano aliyokwenda kununua, namba kumi na nane, na jinsi mwenye duka alivyomwuliza anashona hema au nini.

Karani alikuwa akipanga majalada. Alitikisa kichwa. "Huyu mama anakwepa," alisema Mama Pacha alipotoka.

"Hakwepi," Mwalimu alisema. "Anazunguka."

Alijua anachokisema. Kwa miaka minane alikuwa amewasikiliza wafiwa wakiimba, na sura ya nne ya tasnifu yake ilihusu jambo hilo hilo. Mfiwa asiye na lake linalomsuta humtaja marehemu moja kwa moja: uso wake, mwendo wake, utani wake. Mwenye lake moyoni hafanyi hivyo. Huchagua kitu, mlango, jembe, ndoo iliyovuja, akakizunguka ubeti baada ya ubeti bila kukigusa. Aliwahi kumrekodi mwanamke aliyeimba saa nzima juu ya komeo. Miezi sita baadaye ndipo aliposikia kwamba usiku wa mwisho mwanamke huyo alikuwa amemfungia kaka yake nje.

Kuyakumbuka hayo hakukumtia uchungu wala fahari. Yalikuja tu, kama namba ya simu ya zamani.

Alivuta jalada, akatoa fomu ya hospitali ya kukabidhi vitu vya marehemu. Ilikuwa karatasi moja, mwandiko wa haraka. Wakili alikuwa ameisoma, Karani alikuwa ameisoma, yeye mwenyewe alikuwa ameitoboa matundu mawili na kuifunga kwenye jalada. *Ovaroli moja. Viatu, jozi moja. Saa ya mkononi. Mkanda mmoja.*

Aliisoma tena. Akaenda mlangoni kwa Wakili.

"Ovaroli inavaliwa na mkanda?"

Wakili aliinua kichwa. "Mkanda wa nini? Ovaroli ni kipande kimoja."

"Basi huu ni mkanda gani?"

Wakili aliitazama fomu. Kisha akavua miwani, akaiweka mezani taratibu.

"Hivyo vitu viko wapi?"

Vilikuwa nyumbani kwa Mama Pacha, juu ya kabati, ndani ya mfuko wa hospitali ambao haujafunguliwa tangu siku ulipokabidhiwa. Alisema hivyo siku iliyofuata, mikono mapajani. Mwalimu alikuwa amevuta kiti akakaa upande wake, si ng'ambo ya meza.

"Mama Pacha. Ulikuwa unashona nini kigumu, wiki ile?"

Chini, kwenye duka la rangi, mashine ya kuchanganyia ilianza kutingisha makopo. Ilitingisha, ikanyamaza.

"Aliuleta Jumatatu jioni," Mama Pacha alisema. "Ulikuwa umeanza kuchanika, hapa, pembeni ya pete ya chuma. Alikuwa ameomba mpya stoo mara tatu. Wakamwambia asubiri, oda haijafika. Akasema, wewe si fundi? Nishonee, nisogeze siku mbili tatu. Nikamwambia hii si kazi ya cherehani yangu. Akanitania, akasema basi nitapanda na kamba ya kuanikia nguo." Alivuta pumzi. "Nikashona. Jumatano akaanguka."

"Kuna mtu mwingine anayejua?"

"Nani nimwambie? Mama mkwe wangu? Huyo ni mwanawe wa pekee. Nimwambie mkono wangu ndio uliomfunga?"

Mwalimu alisubiri asikie kitu kifuani. Hakikuja. Aliandika tarehe juu ya ukurasa mpya.

Mfuko ulifunguliwa ofisini Ijumaa, mbele ya watu wanne. Wakili alisimama ukutani. Karani aliandika orodha. Mwalimu alivaa glavu, akakata plasta ya hospitali kwa mkasi, akatoa kitu kimoja baada ya kingine na kukitaja kwa sauti. Ovaroli ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama karatasi ya saruji. Saa ilikuwa bado inatembea.

Mkanda ulikuwa chini kabisa. Ulikuwa wa zamani, rangi imepauka, na kwenye kitambaa chake muhuri wa kampuni na namba vilisomeka bila taabu. Karibu na pete ulikuwa umekatika vipande viwili.

Mama Pacha alisogea. Hakuutazama mkanda mzima, alitafuta mshono wake tu. Ulikuwapo: uzi mweusi, mistari minne iliyopandana, umekaza. Mkanda ulikuwa umekatika upana wa kidole kutoka hapo.

"Umeshika," alisema. Akaugusa kwa ncha ya kidole. "Uzi wangu umeshika. Haukuachia." Akakaa kwenye kiti cha Karani, akafunika uso kwa mtandio. Alilia kwa sauti ya chini kwa muda mrefu. Karani, mzee mwenye miaka thelathini yake ya mahakamani, alitoka akasimama ngazini.

Mwalimu alibaki ameshika vipande. Aliviinua kwenye mwanga wa dirisha, kama alivyozoea kuinua karatasi kuukuu, na ndipo alipoona. Pale kitambaa kilipokatika kulikuwa na mstari wa matundu madogo yasiyo na uzi. Sindano ilipita hapo kwanza, ikavunjika, Mama Pacha akaung'oa uzi na kuanza upya sentimita mbili pembeni. Mkanda ulikuwa umekatika kandokando ya matundu hayo, kama karatasi ya stempu.

Aliyaona, akayaweka kichwani kama anavyoweka tarehe ya kusikilizwa kwa kesi. Hakusema kitu. Mama Pacha alikuwa bado analia, na kilio chake kilikuwa cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Hii lazima iingie kwenye maelezo," Mwalimu alimwambia alipotulia. "Kwamba aliomba mpya, akanyimwa, akauleta kwako. Bila hiyo, kampuni itashinda kwa mkanda wake wa msumarini."

"Mama mkwe atasikia."

"Atasikia. Lakini atasikia pia kwamba mshono ulishika."

Ndiyo maneno aliyoyatumia, na kila moja lilikuwa kweli. Mama Pacha alikubali. Habari ya mkanda iliingia kama aya ya kumi na moja, sentensi tano, hakuna neno la ziada. Mwalimu alimsomea yote kwa sauti. Mama Pacha alisikiliza, akasema, "Mbona inaonekana fupi hivyo?" Kisha akatia saini.

Wakili aliisoma aya ile mara mbili. "Hapa ndipo penyewe," alisema. Akamtazama Mwalimu. "Nilidhani watu wa mashairi mna mioyo laini. Wewe umekwenda kama daktari wa meno."

Alikusudia kumsifu. Mwalimu alimshukuru, akaenda kunawa mikono.

Kesi ilisikilizwa miezi mitano baadaye. Chumba kilikuwa na feni mbili, moja inazunguka. Jaji alikuwa mtu wa makamo aliyeandika kila neno kwa mkono, kwa kalamu ya wino, hivyo kila mtu alizungumza kwa mwendo wa kalamu yake. Mama mkwe alikuwa amekuja. Alikaa benchi la nyuma, mkoba mapajani, mgongo umenyooka.

Mama Pacha alithibitisha maelezo yake. Kisha akasimama wakili wa kampuni, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba. Hakuwa na ukali wowote. Aliomba kielelezo, akampa shahidi mkanda mkononi.

"Ni wewe uliyeshona hapa?"

"Ni mimi."

"Wewe ni fundi wa mikanda ya usalama?"

"Nashona sare za shule."

"Tazama pale ulipokatika. Usitazame uzi. Tazama palipokatika. Unaona nini?"

Mama Pacha aliinama. Mwalimu, aliyekaa nyuma ya Wakili na majalada, alijua atakachokiona na akajua kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kukiona.

"Matundu," Mama Pacha alisema.

"Matundu ya nini?"

"Ya sindano."

"Sindano ya nani?"

Jibu halikusikika. Jaji aliinua mkono wa kushoto bila kuinua macho. "Taratibu, wakili msomi, naandika. Shahidi, rudia. Kwa sauti."

"Sindano yangu."

"Matundu ni ya nani?"

"Matundu ni yangu."

"Ma-tu-ndu ni ya-ngu," Jaji alisema polepole, akiandika. Kalamu ilisikika mpaka benchi la nyuma.

"Sina swali zaidi kwa..." wakili wa kampuni alianza kusema, lakini Mama Pacha alikuwa bado amesimama na mkanda mkononi, na hakuwa amemaliza.

"Aliomba mpya mara tatu," alisema. "Wakamnyima. Ningekataa kushona, angepanda na uliochanika. Na asingepanda, kazi angepewa mwingine, naye angepanda na huo huo."

Wakili wa kampuni aligeuka kwa Jaji. "Mheshimiwa, shahidi hakuulizwa."

"Ameshasema," Jaji alisema. "Shahidi, rudia kuanzia mara tatu."

Akarudia. Safari hii alisema polepole, neno kwa neno, akitazama kalamu na kuingoja, kama mwalimu anayewasomea watoto imla.

Hapo Mwalimu alisikia kitu. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa joto la ghafla masikioni na shingoni, kama lile la mtoto aliyeshikwa na jambo mbele ya darasa. Aibu. Alikuwa ameisahau ilivyo. Alishusha macho kwenye majalada mpaka ikapita.

Mapumziko yalipotangazwa alimfuata Mama Pacha koridoni. Alimkuta ameegemea ukuta karibu na mbao za matangazo.

"Uliyaona yale matundu?" Mama Pacha aliuliza.

"Niliyaona."

"Siku ile? Ofisini?"

"Siku ile."

"Nikiwa nalia kwamba umeshika."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mwalimu alikuwa na majibu matatu, yote ya kisheria. "Ningekuambia, usingetia saini," alisema.

Mama Pacha alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei na kuona kwamba hawezi kupunguziwa. "Nisingetia," alisema. "Lakini ningejua. Nimesimama pale kama nimevuliwa nguo, dada. Na wewe ulijua."

Mlango wa chumba cha mahakama ulifunguka, akatoka mama mkwe. Alitembea kwa hatua fupi hadi walipokuwa. Mama Pacha alinyooka, akashusha macho, akangoja. Mwalimu naye alingoja. Mama mkwe alinyoosha mkono, akauchukua mkoba wa mkwewe begani, akautia kwenye bega lake mwenyewe juu ya mkoba wake.

"Toka mdogo mwanangu alikuwa hasikii," alisema. "Ukimwambia shuka juu ya paa, anapanda. Twende nyumbani, watoto wanatoka shule saa nane."

Wakaondoka pamoja. Mama Pacha hakugeuka.

Kwa hiyo hakumsikia mkaguzi wa mitambo, aliyetoa ushahidi mchana huo. Mkaguzi alisema muda wa mkanda ule ulikuwa umepita kwa miaka sita, kwamba mafuta na jua vilikuwa vimekila kitambaa mpaka ndani, na kwamba kwa vipimo vyake, matundu au bila matundu, usingehimili hata ndoo ya maji. Alisema pia mkanda mpya wa msumarini ulitengenezwa kiwandani mwezi mmoja baada ya ajali, na tarehe imechapwa nyuma ya lebo. Wakili wa kampuni alivua miwani yake. Karani, nyuma kabisa, alikohoa kikohozi cha furaha.

Hukumu ilitoka baada ya miezi mitatu na kampuni ilishindwa yote. Katika kurasa ishirini na mbili, Jaji alimtaja Mama Pacha kwa mistari miwili: kwamba alifanya kile ambacho mwajiri alipaswa kufanya, kwa kifaa alichokuwa nacho. Mwalimu aliipigia mstari sehemu hiyo na ile ya mkaguzi, akaandika barua fupi ya kuomba radhi bila kujitetea, akavitia vyote kwenye bahasha, akampelekea Mama Pacha. Mama Pacha alikuja ofisini mara moja kusaini karatasi za mwisho. Alizungumza na Karani, akamsalimia Wakili. Alipopita mezani kwa Mwalimu alisema, "Nimeisoma," na akaendelea na safari yake. Mwalimu hakuona haki ya kumwuliza zaidi.

Mwezi uliofuata Mwalimu aliapishwa. Walikuwa wengi kwenye viti, wamevaa majoho meusi, wengi wao watoto kwake kwa umri. Mama yake alikuja na miwani mipya. Dada yake alikuja na sare ya kazi, kwa kuwa alikuwa anaingia zamu mchana.

"Sasa umefurahi?" dada yake alimwuliza walipokuwa wakipigwa picha.

Mwalimu alifikiri kwanza, kwa sababu swali lilikuwa la kweli. "Sijui bado. Viatu vinanibana."

"Hiyo ni dalili nzuri," dada yake alisema. "Juzi usingejua kama una miguu."

Wakili alimpa nafasi ya kudumu na meza yenye droo inayofungika. Mwalimu alichukua kesi za ajali kazini, ambazo hakuna aliyezitaka. Na alianza tabia moja iliyomkera sana mwajiri wake. Kabla shahidi hajatia saini, alimgeuzia maelezo yake na kumwonyesha, kwa kidole, kila mahali atakapobanwa mahakamani. Hapa watakuuliza ulikunywa nini asubuhi ile. Hapa watasema ulijua mashine ni mbovu. Hapa utasimama peke yako na mimi sitaweza kukusaidia. Mashahidi wawili walikuwa wameshaondoka na hawakurudi.

Wa tatu alikuwa mzee wa kiwanda cha mbao, aliyepoteza vidole vitatu kwenye msumeno. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono mzima umeshika ule mbovu.

"Kwa hiyo watasema nilikiondoa kile kikinga msumeno mwenyewe."

"Watasema. Na ulikiondoa?"

Mzee alitazama dirishani. "Wote tulikiondoa. Kilikuwa kinachelewesha kazi."

"Basi utaulizwa hivyo, mbele ya watu, na utajibu hivyo hivyo. Tunaweza kushinda hata kwa jibu hilo, tunaweza kushindwa. Nataka ulijue leo, usilijulie kule."

"Mke wangu hajui hilo."

"Najua hajui."

Mzee alisimama, akachukua kofia yake. Alisema anakwenda kuzungumza naye kwanza, kwamba atarudi Jumatatu. Alishuka ngazi polepole, akishika ukuta.

Sauti ya Wakili ilitoka chumba cha pili. "Mwalimu! Umempoteza na huyo?"

"Amesema Jumatatu."

"Na asiporudi?"

"Basi hatarudi," Mwalimu alisema. Aliandika Jumatatu kwenye shajara, kwa penseli, akavuta jalada lililofuata.